Mayai Juu Chini kwa Mama Mdogo

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii ni kwamba nilibandika mayai juu chini.

Katika majengo ya zamani ya Södermalm, hapa Stockholm, yale yaliyojengwa kabla ya vita kwa ajili ya watu waliokuwa na vijakazi na ngazi ya nyuma ya kuwapitishia, pale ukuta unapokutana na dari huwa pana ukanda wa mapambo ya jasi. Wenyewe wanauita stuko. Kuna wenye majani, kuna wenye maua. Ule wa sebuleni kwa mama mdogo ulikuwa wa mayai: safu ya mayai madogo yanayozunguka chumba kizima, kila yai limekaa kwenye kikombe chake, ncha nyembamba imeelekea chini. Mimi nilitengeneza upya kipande kimoja tu, cha kona ya jiko la vigae la kupashia chumba joto, ambacho maji ya jirani wa juu yalikuwa yamekiozesha. Nilikipima. Nikakipima tena. Niliweka pimamaji nikasubiri mpaka kiputo kikatulia katikati kama kimechoka kuulizwa. Nikabandika, nikakaza skrubu, nikaziba viungo, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Halafu nikashuka, nikarudi nyuma mpaka mlangoni ili nijipongeze, na mayai yangu yote yalikuwa yamekalia makalio, ncha juu, yananitazama.

Sababu yake ni ya kijinga. Nilifanya kazi nimelala chali juu ya jukwaa, kichwa upande wa dirisha, na mtu aliyelala chali juu yake na chini yake haviko mahali pa kawaida. Mafundi waliosoma wanalijua hilo siku ya kwanza. Mimi sikusoma. Nilijifunza stuko kwa video za mzee mmoja wa Kiitaliano ambaye sielewi hata neno moja analosema, ila mikono yake naielewa. Mchana nilikuwa nauza rangi dukani Tumba, pembezoni mwa jiji, jioni namtazama mzee. Pia mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango, halafu kurudi kuangalia kama niliporudi niliufunga tena. Mtu wa namna hiyo akikosea, hakosei kidogo kidogo. Anakosea kwa umakini mkubwa.

Sikumwambia mtu. Mpiga picha wa dalali alikuwa anakuja asubuhi yake, na Jumapili ilikuwa visning, siku ya watu kuja kuitazama nyumba. Kung'oa kipande kile kungebomoa nusu ya kona. Nikajiambia hakuna atakayetazama juu.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, mtu wa Tanga, muuguzi mstaafu. Alikuwa ameolewa na Mswidi mpole aliyependa ukimya na magazeti, na mume alipofariki nyumba ikabaki na ukimya wenyewe. Ghorofa ya nne. Lifti ni kizimba cha chuma kinachobeba watu wawili wanaopendana, na mara nyingi hakibebi hata hao. Magoti ya mama mdogo yalikuwa yamekwisha. Alikuwa ameshasaini nyumba ya ghorofa ya chini kule Tumba, jengo lilelile analokaa mama, ambako akifungua dirisha atasikia watu wakigombana kwa Kiswahili. Hilo tu ndilo alilotaka: kushuka ngazi zile kwa mara ya mwisho na kwenda kukaa karibu na dada yake. Lakini hawezi kuwa na nyumba mbili. Ile ya Södermalm ilipaswa iuzike, na iuzike majira hayahaya ya kuchipua, watu wanapokuwa na wazimu wa kununua.

Kwa hiyo alipoulizia fundi, nikasema mimi naweza. Nilifanya karibu kila kitu. Niliondoa dari ya mbao ambayo mumewe aliipigilia chini ya dari halisi enzi za ujana wake, kwa imani kwamba dari fupi ni maendeleo. Nilikwangua rangi ya kahawia kwenye milango mipana ya mabawa mawili. Nilipiga msasa sakafu ya vibao vilivyopangwa kama mfupa wa samaki mpaka pua yangu ikatoa vumbi la mwaloni. Kulikuwa na siku nilipokaa katikati ya sebule nikalia kwa ajili ya bawaba. Sioni haya kusema. Ilikuwa bawaba ngumu sana.

Dalali alikuwa kijana wa umri wangu, viatu vyenye ncha, soksi hakuna, mwenye kusema "ajabu" kwa kila kitu. Mayai ya kona aliyaita ajabu pia, bila kuyatazama. Alikuja na masanduku. Akaondoa picha za ukutani, kanga zilizofunika makochi, saa yenye picha ya pwani, na kapu la dawa za magoti. Mahali pake akaweka mito ya kijivu, ua jeupe la okidi na bakuli la malimau mengi ambayo hayakuwa ya kuliwa.

"Malimau ya nini?" mama mdogo aliniuliza pembeni.

"Ya kupendeza macho, mama mdogo."

"Limau linapendeza macho? Mimi nimekaa hapa miaka yote hii, kumbe nilikuwa nakamua mapambo."

Kisha dalali akaeleza sharti la mwisho. Siku ya visning mwenye nyumba haruhusiwi kuwepo. Wageni wanataka kujiona wenyewe wakiishi mle. Wakimkuta mwenyewe wanaona aibu, wanatoka. Yeye dalali ataweka mikate ya mdalasini kwenye oveni ili nyumba inukie, atagawa vifuko vya plastiki vya bluu vya kuvisha viatu, na ndani ya saa moja kila kitu kitakwisha. Mimi naweza kubaki, kama fundi, kujibu maswali.

Mama mdogo alimsikiliza kwa ile heshima ya wodini, ya muuguzi anayemsikiliza daktari mgeni akisema upuuzi. Dalali alipoondoka akanigeukia.

"Wageni waje kwangu, mimi nikajifiche maktaba?"

"Ndivyo wanavyofanya hapa."

"Najua ndivyo wanavyofanya. Nauliza kama wana akili."

Jumapili alivaa koti, akabeba mkoba, akashuka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona. Nikafarijika. Nikaenda kusimama kwenye kona yangu, chini ya mayai, nikashika okidi mkononi, nikitumaini kwamba mtu akielekeza macho upande ule ataishia kwenye ua. Dalali aliniuliza kama naumwa.

Wakaja wengi. Mswidi anapotazama nyumba haongei. Anagonga ukuta kwa kidole, anafungua kabati na kunusa ndani, anafungua bomba na kusikiliza. Sheria ya hapa ndiyo inayowafanya hivyo: mnunuzi anatakiwa aikague nyumba mwenyewe, na kama kulikuwa na tatizo la kuonekana naye hakuliona, hilo ni lake. Kwa hiyo wanapita kama madaktari wenye haraka, kimya, na miguu yao ya bluu inachakachaa. Na ni kweli, hakuna aliyetazama juu. Wanatazama mabomba, wanatazama sakafu, wanatoka. Nikaanza kupumua.

Ndipo nikasikia sufuria ikitua jikoni.

Nilisahau ngazi ya nyuma. Ile ya vijakazi, inayotokea uani na kuishia kwenye mlango wa jikoni. Mama mdogo alikuwa amezunguka jengo na kuipanda, magoti na yote, pamoja na rafiki yake mmoja mama wa Kikongo anayekaa Rinkeby. Pilau ilikuwa imepikwa Rinkeby tangu asubuhi na kuletwa kwa treni ya bluu, sufuria imefungwa kwa kanga mbili. Waliposimama mlangoni mwa sebule harufu ya mikate ya mdalasini ilikuwa imeshakufa. Hata haikupigana.

"Mama mdogo," nikasema kwa Kiswahili, taratibu, nikitabasamu kwa ajili ya wageni, "tafadhali toka."

"Niende wapi? Ngazi nimezipanda mara moja kwa leo."

Rafiki yake alikuwa anawatazama watu wa bluu wakipita. "Batu banaingia mu nyumba ya mutu bila kusema bonjour?"

"Ndiyo desturi yao," nikamwambia.

"Desturi ya bezi, mon fils."

Mama mdogo akapiga makofi mawili, akasema kwa Kiswidi chake cha wodini, kile kisichoruhusu mgonjwa kukataa: "Habari zenu. Hii ni nyumba yangu. Kaeni, mle, halafu mtaendelea kugonga."

Dalali alinitazama kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ufukweni. Lakini hakuna Mswidi anayejua kukataa sahani iliyokwisha kuwekwa mkononi mwake. Wakakaa. Kijana mmoja na mchumba wake wakakaa kwenye mito ya kijivu, magoti pamoja, kama watoto kanisani. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe fupi, aliyekuja peke yake, akachagua kochi linalotazama jiko la vigae. Wengine wakakaa sakafuni. Malimau ya mapambo yalikuwa yameshakatwa vipande, yanazungushwa pamoja na kachumbari.

Na hapo ndipo nilipoelewa balaa lililonipata. Mtu anayetembea hatazami juu. Mtu aliyekaa, anayekula, aliyeshiba kidogo na kuegemea nyuma ili atafune vizuri, macho yake yanakwenda wapi?

Bibi alitafuna. Akaegemea. Nikasogeza okidi.

"Kijana," akasema, "shusha hilo ua."

Nikalishusha.

"Yale mayai yamepinduka."

Vichwa vyote vikainuka. Sijawahi kuona Waswidi wengi hivyo wakifanya jambo moja kwa pamoja bila foleni. Dalali akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakusema ajabu.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, bila hata kupepesa macho. "Ndivyo walivyoyajenga," akasema. "Mafundi wa zamani. Kona moja walikuwa wanaipindua makusudi, kwa ajili ya baraka."

"Eee," rafiki yake akaitikia, "hata kwetu Bukavu."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa na umbo. Nina hakika kijana na mchumba wake walikuwa wameshaanza kuupenda. Nilimwona mchumba akitoa simu apige picha. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mtu yeyote mwenye afya angenyamaza. Lakini ukanda ule nilikuwa nimelala nao na kuamka nao kwa wiki nzima, na kusikia mtu akiwasingizia mafundi wa watu, marehemu, waliobandika mayai yao sawasawa bila hata video, kulinipanda kooni kama kiungulia.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nilibandika vibaya."

"Wewe!" mama mdogo akasema kwa Kiswahili. Neno hilo moja lilitosha.

Bibi hakucheka. Aliweka uma kwenye sahani. "Na kuna nini kingine?"

Dalali akakimbilia kwenye makaratasi yake. "Kila kitu kimeelezwa, kuna maelezo ya—"

"Namuuliza yeye."

Sijui nieleze vipi kilichotokea. Ni kama mtu aliyebanwa na mkojo tangu asubuhi akaonyeshwa choo. Nilimpeleka mlangoni nikamwonyesha kibao kimoja cha sakafu ambacho si mwaloni, niliishiwa nikaweka mti mwingine na kuupaka chai kali ufanane. Nikamwonyesha mlango wa mabawa mawili: ukitaka ufunge, inua kwanza, kwa sababu ya ile bawaba. Nilimweleza kuhusu bawaba kwa kirefu. Bafuni nikagonga kigae cha chini ya dirisha ili asikie kilivyo kitupu nyuma. Dirisha la chumbani, bawa la kushoto, nimelipaka rangi likagandamana na fremu na sijathubutu kulilazimisha. Juu ya mlango wa jikoni kuna ufa ambao nimeuziba na utarudi majira ya baridi. Nyufa za namna ile zina tabia ya jamaa, zinakuja na baridi na zinakaa. Kitasa cha stoo ni kipya. Nilikitia siki kionekane cha kale.

Nilipogeuka, msafara mzima ulikuwa nyuma yetu, na sahani mikononi, miguu ya bluu, wakitazama kila nilipoelekeza kidole. Mmoja alikuwa anatafuna mfupa. Bibi alikuwa anauliza maswali mafupi: lini, kwa nini, kwa gundi gani. Nilijibu yote. Nilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Tuliporudi sebuleni kijana na mchumba wake walikuwa wameshaondoka. Mito ya kijivu ilikuwa na alama zao mbili. Baada yao wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakishukuru sana kwa chakula, kwa ile sauti ya watu wasiorudi. Bibi naye akavua vifuko vyake vya bluu, akavikunja, akaniambia kwamba ameng'ata iliki nzima na hakuipenda, akaondoka.

Jikoni mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa, anajisugua goti. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea, mama mdogo."

"Kuna mtu aliyekuuliza kuhusu kitasa? Kuna binadamu yeyote, humu ndani, aliyesema neno kitasa?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea kusugua. "Utakuwa unaniletea sokoni. Kila wiki utapanda na vitunguu mpaka juu. Mimi sishuki tena. Waje wanishushe siku ya mwisho, na lifti wasiitumie, haitoshi."

"Usiseme hivyo," rafiki yake akamwambia, akijipakulia ukoko. "Uko na mutoto wa kweli. Mutoto wa kweli ni muzuri. Ni kwa biashara tu hafai."

Kesho yake nilikuwa dukani nachanganya rangi, na simu nimeiweka juu ya kopo ili niione. Hapa watu hutoa bei kwa simu, na dalali anamtumia mwenye nyumba ujumbe kila mtu anapopandisha. Mama mdogo alikuwa ananirushia mimi. Asubuhi nzima hakurusha kitu. Mteja alitaka nyeupe, nikamchanganyia nyeupe ya aina nne na kumtaka aseme ipi ina uongo mdogo zaidi. Akaenda duka jingine. Nilikuwa namwona mama mdogo kwenye ngazi, ameshika reli, anapumzika kila kituo, na mimi nyuma yake na vitunguu.

Mchana ukaja ujumbe mmoja. Bibi wa iliki ametoa bei. Halafu bwana mmoja aliyepita mapema, kabla ya sufuria, akapandisha. Bibi akapandisha. Bwana akampigia dalali kuuliza kama kuna lolote la kujua kuhusu nyumba ile, na dalali, kwa kuwa sasa kulikuwa na mashahidi wengi mno, ikabidi amwambie. Bwana akajitoa. Akabaki bibi peke yake, na mtu aliyebaki peke yake hapandishi.

Mama mdogo alikubali siku hiyohiyo. Dalali alimwambia waziwazi kwamba ingefika mbali zaidi kama fundi angefunga mdomo, na namwamini kabisa. Mama mdogo akamjibu kwamba yeye mbali alikotaka kufika ni Tumba. Dalali hakuwahi kunipigia tena, ingawa kabla ya hapo alikuwa ameniahidi nyumba nyingine mbili za namna ile. Malimau yake tu ndiyo aliyodai alipwe.

Nilikuwepo siku ya kusaini. Bibi alisema alikuwa ametazama nyumba nyingi tangu baridi ianze, zote za ajabu, na akitoka mle halali akiwaza nini kimefichwa. Hii alijua. Alikuwa ameviandika vyote kichwani na hakuna hata kimoja kilichomtisha. Kisha akanigeukia na kuweka sharti lake: mayai yageuzwe kabla hajahamia. Nilikuwa nimejiandaa aseme yabaki, kwamba yana haiba yake. Hakusema. Yalikuwa mabaya na yeye alikuwa na macho.

Nikayang'oa. Nikatengeneza kalibu upya, nikamwaga jasi upya, nikabandika ncha chini. Kiungo cha kulia kinaonekana kidogo, mchana jua likiingia kwa pembeni. Nilimwonyesha. Akasema amekiona.

Mama mdogo sasa anakaa chini ya mama yangu. Wanagombana kupitia bomba la joto, kwa kuligonga. Kanga zimerudi kwenye makochi. Rafiki yake wa Rinkeby huja na kulalamika kwamba nyumba ni ndogo, kisha harudi kwake kulala.

Duka niliacha baadaye kidogo, na sasa stuko ndiyo kazi yangu. Kilichobadilika ni hiki: kabla ya kukaza skrubu ya kwanza nashuka, nasimama mlangoni, natazama juu. Na kazi ikiisha, namzungusha mwenye nyumba namwonyesha makosa yangu yote kabla ya yeye kuyatafuta, kisha naenda zangu. Usiku nalala. Mlango bado narudi kuuangalia.